Wanawake Ishirini wa Mwandutu

Kitongoji cha Mwandutu,
kupitia Laela,
6 Agosti 2023

Mwanangu Gabriel,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo na ng'ombe hawajambo, baridi tu ndiyo inatutesa, mwaka huu imepasua midomo mpaka ya wazee. Huenda umenisahau. Mimi ni Minza, mama Kulwa, mke wa mwenyekiti wa kitongoji. Ni yule mama uliyekutana naye njiani Jumatano ile ya mwezi wa sita ulipokuja kuchukua maoni, nikiwa na ndoo kichwani na khanga imelowa mpaka kiunoni. Ulikuwa unakimbilia gari. Nilikuvuta mkono nikakuingiza nyumbani kwa nguvu, ukanywa maziwa mgando umesimama, nusu ukajimwagia shati. Sasa umenikumbuka.

Nakuandikia kwa sababu katika watu wote wa ofisini ni wewe tu ninayekujua sura. Kupiga simu huku mpaka upande kichuguu, na simu yenyewe mume wangu Maganga anashinda nayo machungani. Barua nampa Amos wa bodaboda, yeye atampa konda wa basi la Sumbawanga. Jina lako na mtaa wa Katandala uliniandikia mwenyewe siku ile, ukasema nikiwa na shida nisisite. Haya, shida imekuja.

Ijumaa iliyopita mtendaji wa kata aliitisha mkutano. Akatusomea ripoti. Akasema, "Wananchi wa Mwandutu, mliulizwa serikali ianze na kipi, mkasema josho la ng'ombe. Wanaume ishirini, josho. Wanawake ishirini, josho. Elimu, sifuri." Kwa hiyo bati sabini na mbili na mbao za kuezekea shule yetu shikizi, ya watoto wadogo, zimepelekwa kitongoji kingine, ambako watu wameonesha mwamko. Neno ni lake, mwamko. Kama vile sisi tumelala.

Gabriel, sifuri! Kuta umeziona kwa macho yako. Tofali tumefyatua wenyewe, tumechoma wenyewe, tumepandisha mpaka kwenye lenta, juu ya milango. Wanaume wanajenga, wanawake kila Jumatano na Jumamosi tunabeba maji na mchanga kutoka mtoni. Ndiyo maana siku ile hukutukuta nyumbani, tulikuwa huko huko tunabeba maji ya shule. Sasa tumejengea udongo, saruji hatukuwa nayo. Mvua za mwezi wa kumi na moja zikikuta kuta hazina paa, zitarudi kuwa tope. Unajua mwenyewe mvua za Ufipa hazina utani.

Wangu Kulwa na Doto walianza shule wana miaka kumi, kwa sababu kilomita tisa mtoto mdogo haziwezi. Wakafika darasa la tatu wakachoka, leo wanachunga. Kimebaki kitinda mimba changu, Shija. Ana miaka minane. Nilimwapia kwamba Januari anaingia darasa la kwanza, tena atasikia kengele akiwa bado anakunywa uji.

Siku ile nilikuuliza, "Na sisi wanawake umetuandika?" Ukasema, "Nimewaandika mama, msiwe na wasiwasi." Nikakwambia, "Andika shule." Ukasema, "Tayari." Nilikusikia kwa masikio haya. Basi kama wewe uliandika shule, nani huko mjini kaifuta? Nakuomba mwanangu, mtafute mtu huyo. Wewe ni msomi, watakusikiliza.

Ni mimi mama yako,
Minza, mama Kulwa
Katibu, Kamati ya Ujenzi


Katandala, Sumbawanga,
13 Agosti 2023

Mama Kulwa,

Shikamoo. Barua yako imenifikia salama, konda aliileta mpaka dukani kwa mama. Na mimi sijambo. Mama yangu mzazi, mwalimu Josefina, anakusalimu. Amestaafu lakini akisikia habari ya shule masikio yanamsimama kama zamani.

Nimesikitika sana kwa habari ya bati. Kwa kweli mambo haya ya maoni yana hatua nyingi. Sisi makarani tunajaza dodoso kwenye kishikwambi, majibu yanakwenda kwenye kompyuta, yanajumlishwa, yanachambuliwa, ndipo ripoti inatoka. Katikati ya hapo linaweza kutokea tatizo lolote. Siwezi kusema moja kwa moja ni wapi. Nitafuatilia.

Naomba msikate tamaa. Huenda mwakani kukawa na bajeti nyingine. Natuma kwa Amos katoni moja ya madaftari, maboksi sita ya chaki na mpira wa miguu. Si kitu kikubwa, ni mchango wangu tu kwa watoto.

Msalimie mwenyekiti. Mwambie nitamwandikia.

Wako mtiifu,
Gabriel


Mwandutu,
27 Agosti 2023

Mwanangu Gabriel,

Wabeja, wabeja sana! Ahsante yetu ya Kisukuma hiyo, nakupa mara mbili. Madaftari yamefika. Wanawake walipiga vigelegele mpaka mbwa wakakimbia. Nimewaambia, mnaona, wapo watu huko mjini wenye utu. Mmoja kasema mtoto wake ajaye atamwita Gabriel. Mimi nikamwambia ngoja kwanza azaliwe, asije akawa wa kike. Shija halali bila daftari lake, nalo hajui hata kulishika, analishika kichwa chini.

Sasa nikwambie la huku. Baada ya ule mkutano hatukulala. Tulikaa wanawake wote, tukasema, haiwezekani kompyuta ikazua jambo lenyewe. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kuna mtu alisema josho kwa niaba yetu. Tukahesabu siku ile nani alikuwa mtoni. Tukajikuta wote, mmoja mmoja kwa jina, isipokuwa Luciana.

Luciana humjui. Ni Mfipa wa huko kwenu, mke wa shemeji yangu Elia, mdogo wake Maganga. Yuko nasi mwaka wa sita. Siku ile alikuwa na kichanga cha siku kumi na tano, kwa hiyo maji hakubeba, alibaki nyumbani. Na hapo hapo uani kwetu ndipo mlipokaa na wanaume. Nani mwingine? Tukamuuliza. Akasema hakuulizwa kitu na mtu. Tukamuuliza tena, akalia. Mtu asiye na kosa analia nini? Hata shule hii alikuwa anasema tutachoka, tutaiacha njiani. Na ng'ombe wa Elia walikufa kwa ndigana ya kupe mwaka jana, watatu, kwa hiyo josho analitaka yeye kuliko sisi wote. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu.

Basi tumemtenga. Maji hachoti nasi. Moto hapewi. Anapita, tunanyamaza. Mimi ndiye niliyesema tufanye hivyo, na nikishasema mimi huku limesemwa. Roho inaniuma kidogo, kwa sababu mtoto wake wa kwanza nilimpokea kwa mikono yangu. Lakini na mimi wa kwangu anakosa shule.

Nataka unithibitishie jambo moja tu. Kwenye karatasi zako, au kwenye hicho kishikwambi, kuna jina la Luciana kwamba ndiye aliyejibu? Niandikie haraka ili nilale.

Mama yako,
Minza


Mwandutu,
5 Septemba 2023

Kijana Gabriel,

Mimi si mtu wa barua. Nimesoma mpaka la tano na kalamu naishika kama jembe. Ila mke wangu anashika simu yangu kila jioni, na nikipanda kichuguu watu watauliza naongea na nani. Kwa hiyo nimeandika. Amos nimemwambia akupe mkononi, akikosea namnyang'anya pikipiki.

Wewe na mimi tunajua kilichotokea. Ulitukuta wanaume uani kwangu. Ukauliza serikali ianze na nini. Tukasema josho. Na tulisema kweli! Shule tulishaanza, bati tulishaahidiwa tangu mwaka jana. Kwetu mtu aliyekuahidi ndama humkumbushi kila akipita, utaonekana humwamini. Unaomba kingine. Tukaomba josho. Mtoto mdogo angetuelewa.

Halafu ukauliza wanawake wako wapi. Nikasema wako mtoni, watarudi jioni, lakini jibu letu ni moja, andika. Ukaangalia saa. Ukaniuliza majina yao, nikakutajia mmoja mmoja mpaka wakatimia ishirini, na wewe unagusagusa kioo. Nilifurahi sana siku ile. Niliona umeniheshimu kama mwenye mji.

Sasa ndugu yangu, mke wangu akijua ni mimi niliyemsemea, mji huu hautakalika. Yeye ndiye aliyeianzisha hiyo shule. Mimi nilikuwa nasema tujenge zizi. Nakuomba funga mdomo. Mambo ya Luciana yasikutishe, hasira za wanawake ni kama homa, zitapita. Mimi nitauza dume mmoja nitafute bati japo chache. Usingizi sipati, halafu watu wanasema wanaume hatuna haya.

Choma barua hii.

Maganga,
Mwenyekiti wa Kitongoji


Katandala,
16 Septemba 2023

Mama Kulwa,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa, nilikuwa na kazi nyingi.

Kuhusu ulichoniuliza, nimeangalia. Jina la Luciana limo, kama yalivyo majina yenu wote, lakini hakujibu kwa niaba ya mtu. Hana kosa lolote. Nakuomba sana mama yangu, mrudisheni kwenu, mchote naye maji. Nina uhakika na hili kuliko jambo lolote.

Wako,
Gabriel


Mwandutu,
24 Septemba 2023

Gabriel,

Luciana hayupo. Barua yako imekuta ameondoka siku ya tatu. Alijifunga mtoto mgongoni, mkubwa akamshika mkono, akatembea mpaka Laela kwa miguu akapanda basi. Nasikia yuko Izia, huko huko kwenu mjini, kwa kaka yake Polikarp. Elia amebaki anazunguka uani hana la kufanya, hali, hasemi, juzi kasahau hata kukamua.

Nimesoma maneno yako mara nne. Nimempa na Maganga asome, akasema macho yanamuuma. Unasema jina la Luciana limo, na letu sote limo. Limo vipi, na hakuna hata mmoja wetu uliyemuuliza? Unasema una uhakika. Uhakika huo umeupata wapi? Mara ya kwanza ulisema huwezi kujua ni wapi pameharibika. Sasa unajua kuliko jambo lolote.

Mimi ni mchunga ng'ombe, Gabriel, si mjinga. Ng'ombe akichechemea nauliza kwato, siulizi pembe. Niambie.

Minza


Katandala,
1 Oktoba 2023

Mama Kulwa,

Shikamoo. Barua hii nimeiandika nikaichana, nikaiandika tena. Wiki nzima mama yangu ananiona na karatasi mezani, ananiuliza kama nimepata mchumba.

Ni mimi. Hakuna mtu mjini aliyefuta kitu. Hakuna kompyuta iliyokosea. Ni mimi niliyeandika josho mara ishirini chini ya majina ya wanawake ambao sikuwaona.

Utaratibu ulikuwa hivi: karani amkute kila mtu peke yake, amsomee maswali, asubiri ajibu kwa mdomo wake. Wanawake wasiulizwe mbele ya waume zao. Tulifundishwa hilo siku tatu ukumbini, mpaka tukaigiza, mimi nilikuwa naigiza mke. Mwandutu nilifika saa nne. Nilitakiwa kumaliza watu arobaini, na gari lilikuwa linapita barabarani saa tisa. Wanaume niliwakuta pamoja, nikawauliza pamoja, ambalo nalo ni kosa. Niliposikia ninyi mko mtoni, nilijua cha kufanya. Ilikuwa nishuke mtoni. Ni mwendo wa nusu saa. Sikushuka. Nilifikiri, hawa ni wafugaji, wote watasema josho tu, nikashuke nikachafue viatu ya nini? Ndivyo nilivyofikiri, mama, sitakudanganya tena. Mimi mtoto wa mwalimu, niliyesomeshwa na chaki, nilikaa pale nikaamua kwamba ninyi hamtaki shule, na kuta zenu zilikuwa mbele yangu.

Nilichoambiwa na wanaume pale sikiandiki hapa. Mwenye kalamu nilikuwa mimi.

Halafu nikakutana na wewe. Ukaniambia niandike shule, nikasema tayari. Kishikwambi kilikuwa mkobani. Ningeweza kukitoa pale pale, nikaanza na wewe. Nilikunywa maziwa yako nikakimbilia gari. Yale madaftari na mpira sikuyatuma kwa ajili ya watoto. Niliyatuma ili ninyamaze vizuri. Uliponiandikia kwamba mnapiga vigelegele kwa jina langu, niliificha barua yako mama asiione.

Alhamisi nilikwenda kwa msimamizi wa zoezi, bwana Vicent, nikamweleza yote. Aliniuliza kama ninajua ni makarani wangapi wangekuja kumwambia hivyo. Sikujua kama ananisifu au ananitukana. Mkataba wangu mpya umefutwa, na ni haki. Bati haziwezi kurudi, shule ya wenzenu imeshaezekwa. Lakini amesema hivi: kama majibu ya wanawake wale ishirini yatachukuliwa upya, kila mmoja peke yake, na sahihi au dole gumba lake, yeye mwenyewe atayapeleka pamoja na barua yangu ya kukiri kosa kabla ya mwezi wa kumi na mbili, yaingie kwenye mpango wa bajeti ijayo. Akasema nisiyachukue mimi. Ichague kamati mtu wanayemwamini.

Nilitaka kwenda Izia kumwona Luciana. Nimefika mpaka kwenye kona ya kwa Polikarp mara mbili nikarudi. Sina uso.

Sikuombi unisamehe. Naomba tu umwambie kila mtu kwamba ni mimi, kwa jina.

Gabriel


Mwandutu,
19 Novemba 2023

Gabriel,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa sijui nianze na tusi gani. Nilipata mengi mazuri, mengine ya Kisukuma hayaandikiki. Sasa yamenipungua, nimebakiwa na kazi, kwa hiyo nasema kazi.

Barua yako niliisoma mkutanoni, mbele ya wanaume na wanawake, mpaka pale pa viatu. Nilipofika kwenye maneno kwamba walichosema wanaume hukiandiki, Maganga alisimama. Akavua kofia. Akasema, "Aliyetaja majina ni mimi." Basi. Akakaa. Mkutano mzima ulinigeukia mimi, kama vile mimi ndiye ninayetoa hukumu. Sikutoa. Ila wiki ya tano hii anajipakulia mwenyewe, na dume aliyemuuza ametupatia bati kumi na nane. Tumeziweka juu ya chumba kimoja. Chumba cha pili tumekiezeka nyasi. Mvua zimeanza tarehe nane, ukuta wa magharibi umelala chini. Kuta nyingine zimesimama. Tutaujenga tena ule baada ya mavuno. Shija nimemwambia Januari haipo, asubiri Januari nyingine. Hakulia, na hilo ndilo lililoniliza mimi.

Kamati ilinichagua mimi kuuliza. Nilikataa, wakanichagua tena. Nimekwenda nyumba kwa nyumba na daftari moja kati ya yale yako, na kila mwanamke nilimtoa pembeni, nikamsomea kama ulivyoeleza, nikanyamaza. Sikiliza, kunyamaza ni kazi ngumu! Mtu anaanza, "Mimi naona..." na mimi ulimi unaniwasha nimalizie. Nimejizuia. Silvana, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, kasema barabara, kwa sababu alijifungulia mtoto kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Nilitamani nimpige. Nimeandika barabara. Wawili wamesema maji. Mama mkwe wa jirani yangu Rahel kasema josho, akasema shule itasimama lakini watoto watalipiwa sare na nini ng'ombe wakifa? Nimeandika josho, tena kwa herufi kubwa. Kumi na watano, pamoja na mimi, wamesema shule. Wote ni kumi na tisa. Kumbe hata sisi jibu letu halikuwa moja, na mimi nilikuwa nalisema kwa kinywa kipana kuliko cha Maganga.

Akabaki Luciana.

Jumanne nilipanda basi nikaja Izia. Nilipita karibu na kwenu sikuingia, usiniulize. Nilimkuta Luciana nyuma ya nyumba ya kaka yake anapanda mahindi, mtoto mgongoni. Nilipiga magoti pale pale kwenye matuta. Umri wangu huu, mimi niliyemtangulia kuolewa katika mji ule, na matope yote yale. Sikuona aibu, nilikuwa nayo nyingine kubwa zaidi. Nikamwambia yote, ya kwako, ya shemeji yake, na ya kwangu nikayaweka mwisho kwa sababu ndiyo mazito. Nikamwambia Elia anamsubiri. Nikamwambia ndoo yake iko pale pale alipoiacha, hakuna aliyeigusa. Halafu nikatoa daftari, nikamsomea swali, nikanyamaza.

Alimaliza kwanza mstari mzima wa mahindi. Kisha akaniambia, na nakuandikia neno kwa neno:

"Dada Minza, yule kijana siku ile mimi ndiye niliyempa kigoda cha kukalia. Nikampa na maji ya kunywa. Nilisimama mlangoni na mtoto wangu, hatua kumi kutoka alipokaa, nikasikia shemeji anataja jina langu, na yule kijana anaandika. Nikangoja aniulize. Hakuniuliza. Na wewe tumechota maji pamoja miaka sita. Uliniuliza mbele ya wanawake kumi na wanane, jibu unalo tayari mkononi. Leo ndiyo mnataka kunisikia?"

Hilo la kigoda hukuliandika, Gabriel. Uliungama yote ukaacha hilo. Sikushangai. Mimi nami nilikuandikia kwamba alilia, sikukuandikia kwamba kabla hajalia alinishika mkono, na mimi nikautoa.

Nilimwomba tena aseme chochote, shule, josho, hata tusi. Akarudi kwenye mahindi yake. Nikakaa pale mpaka kaka yake akaja kuniambia basi la mwisho linaondoka.

Daftari nimemkabidhi Amos pamoja na barua hii. Mpelekee bwana Vicent kama lilivyo. Ataona ukurasa wa kwanza majina ishirini, na mbele ya majina kumi na tisa majibu na madole gumba. Jina la ishirini ni Luciana. Mbele yake hakuna kitu. Atakuuliza, na utamweleza kwa nini. Kama akisema bila ishirini halipokei, mwambie basi asilipokee.

Wewe usijaze.

Minza